Mbuna Wako Anaumwa? Namna ya Kumwokoa Samaki wa Ziwa Nyasa Kwenye Tangi la Nyumbani Huku Nyanda za Juu

Baridi ikianza tu, maswali huwa yaleyale. "Samaki wangu amejificha nyuma ya jiwe tangu juzi, nimpe dawa gani?" "Tumbo limejaa, niweke chumvi kiasi gani?" "Wawili wamekufa usiku, waliobaki wanahema juu ya maji, nifanyeje?" Wanaouliza wako Mbeya mjini, Uyole, Tukuyu, Njombe, Iringa. Wamenunua mbuna, wale samaki wadogo wa rangi ya njano, bluu na chungwa wanaoishi kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, wakawaweka sebuleni, na baada ya miezi michache mambo yakaharibika.

Nitangulize hili kabla hujakimbilia duka la dawa: samaki wengi wanaoitwa wagonjwa huku kwetu hawana ugonjwa wa kutibiwa kwa dawa. Wamepigwa na baridi, au wamekosa hewa, au maji yao yana sumu. Ziwa Nyasa liko mita 470 na ushee juu ya usawa wa bahari. Maji yake ya juu hukaa kati ya nyuzi 23 na 28 mwaka mzima, na pH yake, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ni kati ya 7.7 na 8.6 hivi. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700. Samaki amepandishwa mlima zaidi ya kilomita nzima kwenda juu, akaletwa kwenye nyumba ambayo Julai alfajiri hata wewe unaogopa kutoka kitandani. Halafu kwa mwinuko huu hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji yetu hubeba oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na maji ya joto hilohilo kule Dar es Salaam. Njombe na Makete upungufu ni mkubwa zaidi.

Mwongozo huu ni wa mbuna na ndugu zao wa Ziwa Nyasa. Kama unafuga goldifishi, hesabu za joto humu zisikuhusu. Yule baridi ya Mbeya anaimudu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Usisubiri samaki aumwe ndipo uanze kuvitafuta, kwa sababu vingine Mbeya havipatikani siku hiyohiyo. Wengi wetu huagiza Kariakoo na kuletewa kwa basi.

- Kipimajoto cha kuzamisha majini. Kile cha kubandika nje ya kioo kinachanganya joto la maji na la chumba.
- Vipimo vya maji vya amonia, nitriti na nitrati (taka zinazotokana na kinyesi na mabaki ya chakula), na vya pH. Vya matone vinaaminika kuliko vya karatasi.
- Pampu ya hewa ya pili, ya betri au ya volti 12 ambayo unaweza kuifunga kwenye betri ya pikipiki au ya sola.
- Chombo cha wagonjwa: diaba la lita 40 hadi 60, jipya, ambalo halijawahi kufuliwa nguo. Sabuni hujificha kwenye plastiki.
- Sponji ya filta ya ziada. Hii iache ndani ya tangi kubwa siku zote ili iote bakteria wazuri, wale wanaoondoa amonia na nitriti. Siku ya dharura unaihamishia kwenye diaba.
- Ndoo mbili ambazo ni za samaki tu, mpira wa kunyonyea maji, na wavu laini.
- Chumvi ya kupikia, pakiti ya nusu kilo. Ile yenye madini joto haina neno. Uwe na mizani ndogo ya jikoni, maana vijiko vinadanganya.
- Kipande cha bomba la plastiki la inchi 4, awe na mahali pa kujificha.
- Daftari.

Hita nimeitenga kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokosea. Kanuni inayozungumzwa sana ni wati 1 kwa kila lita. Hiyo ni ya nyumba zenye joto. Huku kwetu hesabu wati 2 kwa lita, na uzigawe kwenye hita mbili: tangi la lita 100 liwe na hita mbili za wati 100. Moja ikifa, ya pili itashikilia. Moja ikigoma kuzima, peke yake haina nguvu za kuwachemsha wote kwa usiku mmoja. Ndiyo, LUKU itaisha haraka. Funika tangi kwa mfuniko, na usiku zungushia blanketi pande tatu, utaona tofauti.

Dawa sikuziweka kwenye orodha kwa makusudi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mgonjwa kweli

Jike aliyeacha kula, anayejitenga, na chini ya kidevu amevimba, huenda ana mayai. Majike wa mbuna hubeba mayai na vifaranga mdomoni kwa wiki tatu hivi, na muda huo wote hawali, au wanaokoteza kidogo tu. Mtazame kutoka mbele kwa dakika chache. Ukiona anatafunatafuna pole pole bila kumeza, anayageuza mayai. Mwache. Wapo waliowatia dawa majike wazima wakapoteza kizazi kizima.

Wa pili wa kumwangalia ni anayeonewa. Amebanwa kwenye kona ya juu karibu na hita, mapezi yamechanika, kila akishuka anafukuzwa. Huyo ugonjwa wake ni jirani. Mtenge yule mkorofi kwa wiki moja, panga upya mawe ili kila mmoja aanze kutafuta eneo lake, kisha mrudishe. Na kama una madume wawili wa aina moja kwenye tangi dogo, hakuna hatua humu ndani itakayokusaidia mpaka mmoja ahame. Dume mmoja kwa majike watatu au zaidi ndiyo hesabu yenye amani.

Dalili za ugonjwa wenyewe ni hizi: kuhema haraka akiwa juu ya maji au mbele ya filta, mapezi kubanwa mwilini, kujisugua kwenye mawe mara kwa mara, madoa meupe, choo cheupe kirefu chembamba, tumbo kujaa, kutema chakula anachokipenda. Andika ulichokiona na saa.

Hatua ya 2: Pima maji kabla ya kugusa chochote

Ukibadilisha maji kwanza ndipo upime, umefuta ushahidi. Pima joto saa 11 au 12 alfajiri, siyo saa 8 mchana jua likiwa dirishani. Kisha pima amonia, nitriti, nitrati na pH.

Unachotaka kuona: joto nyuzi 24 hadi 27, amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati chini ya miligramu 40 kwa lita, pH kati ya 7.8 na 8.6.

Amonia inahitaji maelezo kidogo. Kipimo kinakuonyesha jumla yake, lakini inayoua ni sehemu tu ya hiyo jumla, na sehemu hiyo inategemea pH. Kwenye maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 7 haifiki asilimia 1. Ikiwa 8 inakuwa asilimia 5 hivi. Ikiwa 8.5 inafika asilimia 15. Kwa hiyo kiasi ambacho kingevumilika kwenye tangi la samaki wengine, kwa mbuna ni hatari. Usimsikilize anayekwambia "amonia kidogo haina shida".

Hatua ya 3: Ongeza hewa sasa hivi

Hata kabla hujajua tatizo ni nini. Weka jiwe la hewa la pili, inua mdomo wa filta ili maji yamwagike juu na kuvuruga uso. Kinachoingiza oksijeni ni uso wa maji unaotikisika kuliko mapovu yenyewe. Hakuna ugonjwa wa samaki unaozidishwa na hewa, ila karibu kila ugonjwa huzidi hewa ikipungua.

Umeme ukikatika na huna pampu ya betri, chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka juu, sentimeta 30 hivi, dakika mbili kila baada ya robo saa. Inachosha, ndiyo maana nimesema nunua pampu ya betri mapema. Usilishe umeme ukiwa umekatika. Na ukirudi baada ya saa nyingi, usiwashe filta ya boksi papo hapo: bakteria wa ndani wanakuwa wamekosa hewa na maji yake yameoza. Ifungue, mwaga maji yake, suuza sponji kwenye ndoo yenye maji ya tangi, ndipo uwashe.

Hatua ya 4: Badilisha maji

Kama kuna amonia au nitriti yoyote, toa nusu ya maji leo na theluthi kesho. Kama vyote ni sifuri, toa theluthi.

Maji mapya yawe na sifa mbili: yasiwe na klorini, na joto lake lilingane na la tangini, tofauti isizidi nyuzi 1. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi saa 24 huku ukiyapulizia hewa. Huna muda? Tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Joto lirekebishe kwa maji ya birika, ukichanganya na kupima, siyo kwa kuchovya kidole.

Wanaotumia maji ya mvua kutoka kwenye simtanki: hayana klorini, hiyo ni sawa, lakini pia hayana madini ya kushikilia pH. Yanaweza kuanza vizuri, na baada ya wiki chache pH ikashuka chini ya 7 bila wewe kujua. Weka kwenye filta mfuko mdogo wa mawe ya chokaa yaliyooshwa, au magamba ya konokono yaliyosagwa yanayouzwa kwa wafugaji wa kuku. Yanayeyuka polepole na kupandisha pH bila kumshtua samaki. Ile chokaa ya unga ya kupakia ukuta usiiguse. Ni kali mno.

Onyo kubwa hapa: usiweke magadi. Kuna anayesikia "mbuna wanapenda maji yenye pH ya juu" akachota magadi ya kupikia maharage. Magadi hurusha pH kwa dakika chache. Kama tangini mlikuwa na amonia iliyotulia kwa sababu pH ilikuwa chini, ghafla yote inakuwa sumu, na samaki wanaanza kufa mbele ya macho yako. Bekingi soda ya kuokea keki ni kitu kingine, ni ya upole zaidi, lakini hata hiyo (kijiko kimoja cha chai kwa lita 40) ni ya siku samaki wakiwa wazima na amonia ikiwa sifuri.

Tangi lililotelekezwa miezi mingi, pH 6 na nitrati imepita kipimo, lina kanuni yake. Usilisafishe kwa siku moja. Badilisha sehemu moja ya tano kila siku mpaka namba zikae sawa.

Hatua ya 5: Rudisha joto polepole

Umekuta nyuzi 18? Usikurupuke. Pandisha nyuzi 1 kila baada ya saa mbili au tatu, na usivuke nyuzi 25 siku ya kwanza. Samaki aliyepoa sana chakula kilichoko tumboni hakisagiki, kwa hiyo usimpe kingine mpaka joto lifike 24 na abaki hapo siku nzima.

Kama umeme hakuna, jaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, funga vizuri, ielee tangini. Usitegemee muujiza: chupa moja hupandisha tangi la lita 100 kwa chini ya nyuzi 1. Lakini chupa mbili kila baada ya saa, pamoja na blanketi, huzuia joto lisianguke usiku kucha. Punguza maji kidogo kwanza, yasifurike.

Nyumba nyingi za huku msimu wa baridi hukoka jiko la mkaa ndani. Tafadhali usilitumie kupashia chumba cha samaki. Moshi na gesi yake vinavutwa na pampu ya hewa moja kwa moja hadi majini, na kwa upande wako wewe unayelala na jiko ndani, hatari yake unaijua.

Hatua ya 6: Mtenge mgonjwa

Siyo kila mgonjwa anatengwa. Mwenye madoa meupe muache alipo, kwa sababu vijidudu vimeshaenea tangi zima. Anayetengwa ni mwenye tumbo lililojaa, mwenye vidonda, mwenye mapezi yanayooza, na yeyote anayedonolewa na wenzake.

1. Jaza diaba kwa maji ya tangi lake mwenyewe kama maji hayo ni salama. La sivyo tumia maji mapya yaliyoandaliwa.
2. Weka ile sponji iliyoota bakteria, jiwe la hewa, hita na kipande cha bomba.
3. Subiri joto lilingane na la tangini.
4. Mkamate kwa wavu na bakuli: msukumie ndani ya bakuli lililo chini ya maji, usimwinue akining'inia hewani.
5. Funika diaba. Mbuna wanaruka.
6. Zima taa, mwache saa kadhaa bila kumchungulia kila dakika.

Kila siku badilisha theluthi ya maji ya diaba na upime amonia. Chombo kidogo huchafuka haraka.

Hatua ya 7: Tibu kulingana na ulichokiona

*Madoa meupe kama chumvi iliyonyunyizwa mwilini na kwenye mapezi, anajisugua.* Huu ndio ugonjwa wa kimelea unaowapata wengi baada ya tangi kupoa ghafla au samaki mpya kuingia. Kimelea kikiwa ndani ya ngozi hakiguswi na dawa. Kinauawa kikiwa kimetoka na kuogelea majini kutafuta samaki mwingine. Kwenye nyuzi 25 mzunguko huo huchukua kama wiki, kwenye baridi unakwenda wiki nyingi. Kwa hiyo tunafanya mambo mawili. Pandisha joto hadi nyuzi 28 kidogo kidogo. Vitabu vingi husema 30, lakini kwa mwinuko wetu nyuzi 30 maana yake maji yamebaki na oksijeni kidogo mno. Ishia 28, ongeza hewa mara mbili. Kisha weka chumvi gramu 3 kwa kila lita ya maji. Tangi la lita 100 ni gramu 300. Igawe mara tatu ndani ya saa 36, na kila fungu liyeyushe kwanza kwenye jagi. Kama una kambale humo, anza na nusu ya kiasi hicho.

Maji yaliyokauka kwa joto yaongezee bila chumvi, maana chumvi haikauki. Maji uliyoyatoa wewe mwenyewe ndiyo unayarudishia na chumvi yake. Endelea wiki mbili kamili. Madoa yatapotea siku ya tano au ya sita na utashawishika kuacha. Hapo ndipo wengi hurudi mwanzo.

*Tumbo limejaa, hali, anatema chakula, choo cheupe kirefu.* Hili ndilo linaloua mbuna wengi zaidi, na chanzo chake mara nyingi ni chakula. Mbuna wengi kazi yao ziwani ni kukwangua mwani kwenye mawe, na utumbo wao ni mrefu kwa ajili hiyo. Ukiwalisha dagaa wa kusaga, nyama, mkate au pumba za kuku kila siku, tumbo linashindwa. Mtenge, simamisha chakula siku tatu. Weka chumvi ya Epsom, yaani maginesiamu salfeti, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 20. Chumvi ya kupikia usiweke kwa tatizo hili.

Kama bado anatoa choo cheupe baada ya hapo, dawa inayotumika ni metronidazo, ileile ya watu. Kiasi kinachotumiwa na wafugaji ni miligramu 250 kwa lita 40, kila baada ya saa 48, mara tatu hadi tano, ukibadilisha theluthi ya maji kabla ya kila dozi. Kidonge cha miligramu 200 kinatosha lita 32. Kisage, kiyeyushe kwenye maji ya vuguvugu, kwa sababu kwenye maji ya baridi kinabaki unga. Ongea na daktari wa mifugo au ofisa uvuvi wa wilaya kwanza. Uzoefu wangu: ukianza akiwa bado anakuja mbele kuangalia chakula, nafasi ipo. Ukianza magamba yakiwa yamesimama mwili mzima, ni shida.

*Mapezi yanaliwa pembeni, au kuna utando mweupe wenye nyuzi kwenye kidonda.* Maji safi ndiyo dawa. Chumvi gramu 1 kwa lita, badilisha maji kila siku, subiri wiki. Ngozi ya samaki hujitengeneza yenyewe usipoivuruga.

*Anahema haraka, matamvua yamekuwa ya kahawia, nitriti imeonekana.* Badilisha maji, na weka chumvi gramu 1 kwa lita. Kloraidi ya kwenye chumvi huzuia nitriti kuingia kupitia matamvua. Endelea kupima mpaka isome sifuri.

*Jicho moja limevimba.* Mara nyingi amegonga jiwe akifukuzwa. Maji safi, subira.

Hatua ya 8: Kumlisha na kumrudisha

Akianza kutafuta chakula mwenyewe, mpe njegere moja iliyochemshwa na kumenywa, ikatwe vipande vidogo. Huku njegere na mboga hatuna uhaba. Siku inayofuata jani la mchicha lililotiwa maji ya moto. Baada ya siku nne au tano ndipo umpe chakula cha vidonge chenye spirulina (aina ya mwani), kidogo, kinachoisha ndani ya nusu dakika.

Abaki kwenye diaba wiki moja tangu dalili zote ziishe. Siku ya kumrudisha, punguza dawa na chumvi kwa kubadilisha maji siku mbili mfululizo, panga upya mawe ya tangi kubwa, na mwingize taa zikiwa zimezimwa. Wenyeji wakiwa na kazi ya kugombania mapango mapya hawatamwona mgeni.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kumwaga tetrasaiklini tangini. Mbali na kuua bakteria wa filta, kwenye maji yenye kalsiamu nyingi kama ya mbuna dawa hii hushikana na kalsiamu na kukosa nguvu. Umelipia rangi ya maji tu.

Kuosha filta kwa maji ya bomba siku samaki anapoumwa, ili "kila kitu kiwe kisafi". Klorini inaua bakteria, amonia inapanda kesho yake, na sasa una wagonjwa wote.

Kuchanganya dawa mbili au tatu kwa sababu ya kwanza haijafanya kazi kwa saa 12.

Kupuliza dawa ya mbu sebuleni. Dawa nyingi za kupuliza zina kemikali za jamii ya pareto, hilohilo ua linalolimwa Mbeya, Njombe na Iringa. Mtu halimdhuru sana, samaki linamuua kwa kiasi kidogo mno. Ukilazimika kupuliza, zima pampu, funika tangi kwa plastiki, fungua madirisha saa mbili ndipo uwashe tena. Na aliyetoka kupulizia shamba la viazi asiingize mkono tangini.

Ikigoma

*Vipimo vyote ni sawa, joto ni sawa, bado wanahema juu.* Angalia matamvua kama yana ute au vidoa. Kama hayana, fikiria hewa ya chumba: mkaa, rangi mpya ukutani, dawa ya wadudu. Badilisha nusu ya maji na usogeze pampu ya hewa ivute hewa ya chumba kingine.

*Wanakufa alfajiri tu, mchana wako vizuri.* Ni joto au oksijeni ya usiku. Amka saa 10 upime. Kama tangi lina mimea mingi au mwani mwingi, usiku navyo vinatumia oksijeni.

*Amonia haishuki hata nikibadilisha maji kila siku.* Pima maji ya bomba yenyewe. Kama hayana, tafuta samaki aliyekufa nyuma ya mawe, au chakula kilichozama. Kama havipo, filta yako bado changa au umeiua. Omba kipande cha sponji kutoka kwa mwenzako mwenye tangi lenye afya. Mawe mepesi ya volkano yanayookotwa pande za Rungwe, yakioshwa na kuchemshwa, ni makazi mazuri ya bakteria na ni bure.

*Madoa meupe yamerudi baada ya mwezi.* Uliacha tiba mapema, au umeingiza samaki mpya bila kumtenga.

*Samaki niliowaleta kutoka Matema wamefika hoi.* Safari ya kupanda kupitia Tukuyu ina baridi. Waweke kwenye boksi la kuhifadhia barafu (bila barafu), mifuko iwe na hewa theluthi mbili na maji theluthi moja, wasile siku moja kabla ya safari. Ukifika, elea mfuko tangini kwanza, ongeza maji ya tangi kikombe kimoja kila dakika kumi kwa saa nzima.

*Amelala ubavu siku ya tatu, magamba yamesimama, hana dalili ya kupona.* Usimwage chooni, usimwache kwenye friza akiwa hai. Kwa kila lita ya maji ya bakuli alimo, tia matone 10 ya mafuta ya karafuu kwenye chupa yenye maji ya vuguvugu kidogo, tikisa mpaka yawe meupe, mimina polepole kwenye bakuli hilo. Atalala usingizi. Mwache nusu saa baada ya matamvua kusimama, kisha mzike mbali na mbwa na paka.

*Nimechoka, nataka kuwarudisha ziwani au mtoni.* Hapana, hata kama walitoka hukohuko. Samaki wa Ziwa Nyasa wengi wana eneo lao la miamba na hawapatikani kwingine duniani. Ukimwachia mgeni Kyela au ukimtupa Mto Kiwira, unapeleka vimelea na damu isiyo ya pale. Mpe mfugaji mwingine.

*Wote wamekufa, naanzaje tena?* Usinunue wapya wiki hiyohiyo. Acha hita na filta vikifanya kazi kwa nyuzi 28 kwa wiki nne bila samaki. Kimelea cha madoa meupe kisipopata samaki kitakufa. Kila siku mbili tupia punje chache za chakula ili bakteria wa filta wasife njaa. Kabla ya kuingiza samaki badilisha nusu ya maji, shusha joto hadi 25, pima amonia na nitriti siku tatu mfululizo. Zikisoma sifuri siku zote tatu, anza na watatu au wanne wadogo, nao wapitie kwanza kwenye diaba wiki tatu.